Sumu Isiyooza: Jinsi Moshi wa Plastiki na Mafuta ya Transfoma Yanavyoliumiza Ini

Mtu akivunjwa moyo kwa maneno makali, Waswahili husema amekatwa maini. Lakini yako mambo yanayolikata ini lenyewe, si kwa mfano bali kwa hakika, na hayatoi sauti yoyote.

Ukipita katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa au Kisumu wakati wa jioni, utakuta mtu akiwasha jiko la makaa kwa kipande cha plastiki. Mbele kidogo vijana wanachoma nyaya za umeme ili wapate shaba ya kuuza, na rundo la takataka linafuka moshi mweusi kando ya barabara. Hatua chache kutoka hapo karai la mafuta linachemka, na wateja wamepanga foleni wakingojea chipsi. Wapita njia wanakohoa kidogo, wanafunika pua kwa leso, kisha wanaenda zao. Wengi hudhani kwamba moshi ukishapita umepita.

Haujapita. Ndani ya moshi huo, na pengine ndani ya karai hilo, huweza kuwamo kemikali ambazo haziozi, hazivunjikivunjiki, na zikishaingia mwilini hukaa humo miaka mingi. Kiungo kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo huo ni ini. Makala haya yanaeleza ni kwa nini, na ni nini ambacho wewe msomaji unaweza kufanya nyumbani kwako.

SUMU ZENYEWE NI ZIPI?

Wataalamu huziita vichafuzi sugu vya mazingira. Mwaka 2001 mataifa yalikutana Stockholm, Uswidi, yakatia sahihi mkataba wa kuzipiga marufuku au kuzipunguza. Kenya iliuidhinisha mwaka 2004. Orodha ya kwanza ilikuwa na kemikali kumi na mbili, na tangu wakati huo nyingine nyingi zimeongezwa.

Miongoni mwa zile za kwanza zilikuwa dawa za kuua wadudu kama vile DDT, aldrini na dieldrini. Zilikuwamo pia kemikali za jamii ya PCB, ambazo zilitiwa katika mafuta ya mitambo ya umeme kwa sababu hazishiki moto upesi. Kisha kulikuwa na daioksini na furani. Hizi mbili hazitengenezwi na mtu yeyote kwa makusudi. Huzaliwa zenyewe pale vitu vyenye klorini, kama vile plastiki ya PVC, vinapochomwa kwa moto usio mkali wa kutosha. Moto wa jaani na moto wa kuchoma nyaya ndio hasa moto wa namna hiyo, na shaba iliyomo ndani ya nyaya huzidi kuchochea utengenezaji wa daioksini.

Kemikali hizi zina tabia mbili zinazofanana. Kwanza, ni ngumu kuvunjika, iwe ni kwa jua, kwa maji au kwa vijidudu vya udongoni. Pili, haziyeyuki vizuri katika maji bali huyeyuka katika mafuta. Kwa hivyo moshi ukitua juu ya nyasi, ng'ombe akala nyasi hizo, sumu hujikusanya katika mafuta ya nyama na maziwa yake. Kuku akiparuaparua majivu, sumu huingia katika kiini cha yai. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huliwa na mwanadamu. Kila hatua mzigo huongezeka.

Ile daioksini iliyo kali kuliko zote huchukua kati ya miaka saba na kumi na mmoja kupungua kwa nusu mwilini. Tuseme imechukua miaka minane. Kijana aliyekuwa na vipimo mia moja vya sumu hiyo akiwa na umri wa miaka 20 atabaki na hamsini akifika miaka 28, na ishirini na tano akifika 36. Hiyo ni endapo hataongeza hata tone moja. Anayeongeza kidogo kila siku hapati nafasi ya kupunguza.

KAZI YA INI

Ini la mtu mzima lina uzani wa takriban kilo moja na nusu, na limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Kila dakika hupitiwa na damu inayokaribia lita moja na nusu. Sehemu kubwa ya damu hiyo, yapata robo tatu, hutoka moja kwa moja kwenye matumbo. Maana yake ni kwamba chakula kikishayeyuka, damu iliyokibeba hukaguliwa kwanza na ini kabla ya kufika moyoni, kwenye ubongo au kwenye figo. Ini ni kama ofisi ya forodha bandarini, hakuna shehena inayopita bila kufunguliwa.

Kazi hiyo hufanywa na chembe ndogo hai ziitwazo seli. Seli hizo zina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, na huzisafisha sumu kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, kimeng'enya huichomeka oksijeni katika kemikali hiyo, mithili ya mtu anayetia mpini kwenye jembe. Katika hatua ya pili, kimeng'enya kingine huushika mpini huo na kufungia hapo kitu kinachoyeyuka katika maji. Sasa sumu inaweza kutoka kwa mkojo, au kwa nyongo na kinyesi. Hivyo ndivyo mwili unavyojiondolea dawa za hospitali, pombe na uchafu mwingine mwingi.

Vichafuzi sugu huuvuruga mpango huu tangu hatua ya kwanza. Vingi vimezingirwa na klorini pande zote, na klorini hiyo huziba pale pale ambapo mpini ulipaswa kuingia. Seli hujaribu, hushindwa, na hujaribu tena. Hata ile sumu kidogo inayofaulu kutoka na nyongo hufika kwenye matumbo, huko hukutana na mafuta ya chakula, hufyonzwa pamoja nayo na kurudishwa kwenye ini lile lile.

SELI HUUMIAJE?

Ndani ya seli ya ini mna protini maalumu inayofanya kazi kama bawabu. Mgeni mwenye umbo fulani akiingia, bawabu humshika, huenda naye hadi kwenye kiini cha seli na kupiga filimbi. Filimbi hiyo ni amri ya kutengeneza vimeng'enya zaidi. Wafanyakazi huja, humvunjavunja mgeni, na filimbi hunyamaza. Mpango ni mzuri sana kwa sumu zinazovunjika.

Daioksini, na baadhi ya PCB, humshika bawabu barabara na hazimwachi. Hazivunjiki, kwa hiyo filimbi hailali. Vimeng'enya huendelea kutengenezwa siku hadi siku, na wafanyakazi walioitwa na mapanga wakikosa cha kukata huanza kukata kuta za nyumba. Katika lugha ya sayansi, vimeng'enya vinavyofanya kazi bila mafanikio huvujisha oksijeni iliyogeuka kali, ambayo hushambulia chochote kilicho karibu nayo.

Hushambulia ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Hushambulia mitokondria, ambavyo ni vinu vya nishati vya seli. Hushambulia hata zile nyuzi za urithi zinazobeba maagizo ya uhai. Vinu vikidhoofika, seli hushindwa kuchoma mafuta kama kawaida, nayo mafuta hujazana ndani yake. Hilo ndilo ini lenye mafuta, ambalo watu wengi hudhani humpata mnene au mlevi peke yake.

Ikiwa hali hii itaendelea, seli nyingine hufa. Seli za kinga hukimbilia mahali hapo na kusababisha uvimbe wa ndani. Kisha seli nyingine, zenye umbo kama nyota, hutandaza nyuzi ngumu kuziba mapengo, kama vile jeraha linavyofanya kovu. Kovu moja si neno. Lakini makovu yakiongezeka mwaka baada ya mwaka, ini husinyaa na kuwa gumu, damu hushindwa kupita vizuri, na maji hujaa tumboni. Huo ndio ugonjwa uitwao sirosisi.

Kuna hatari nyingine. Kwa kawaida seli iliyoharibika vibaya hujiua yenyewe ili isiwadhuru wenzake. Uchunguzi wa wanyama katika maabara umeonyesha kwamba daioksini na PCB huweza kuizuia seli hiyo isife, huku zikiihimiza kugawanyika. Seli mbovu iliyokataa kufa na inayozaana ndiyo mwanzo wa saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitangaza daioksini ile kali kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1997. PCB zilitangazwa hivyo mwaka 2013.

MKASA WA JAPANI

Huenda msomaji akauliza kama haya yamewahi kuwapata watu wa kawaida, mbali na maabara. Yamewapata, na yaliwapata kupitia mafuta ya kupikia.

Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, kiwanda kimoja kilikuwa kikitengeneza mafuta ya kupikia kutokana na pumba za mpunga. Ili kuyapasha moto, PCB zilipitishwa ndani ya mabomba. Bomba likavuja, na PCB zikachanganyika na mafuta. Wa kwanza kufa walikuwa kuku, yapata laki nne, waliolishwa chakula kilichotiwa mafuta ya kiwanda hicho. Onyo hilo halikuchukuliwa kwa uzito uliostahili, na mafuta yakaendelea kufika jikoni.

Miezi michache baadaye watu walianza kutokwa na chunusi kubwa mwili mzima, kucha zikageuka rangi, macho yakavimba na kutoa uchafu, na uchovu ukawashika. Baadhi ya akina mama walizaa watoto wenye ngozi iliyobadilika rangi. Takriban watu 2,000 walikuja kutambuliwa rasmi kuwa waathiriwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba PCB zile, kwa kupashwa moto muda mrefu, zilikuwa zimezaa furani, ambazo ni kali zaidi. Wachunguzi waliowafuatilia waathiriwa kwa miaka waligundua kwamba vifo vya saratani ya ini miongoni mwa wanaume vilizidi kiwango cha kawaida.

Mwaka 1979 mkasa kama huo ukatokea Taiwan, nako watu wapatao 2,000 waliathirika. Huko vifo vilivyotokana na ugonjwa wa muda mrefu wa ini viliongezeka. Nchini Japani, bunge lilipitisha sheria ya kuwasaidia waathiriwa mwaka 2012, miaka 44 baada ya mafuta yale kuliwa. Sumu ya chakula cha mwezi mmoja imekuwa kesi ya maisha yote.

NA HAPA KWETU?

Transfoma ni yale mapipa ya chuma yanayotundikwa kwenye nguzo za umeme. Ndani yake mna mafuta ya kuipoza mitambo. Kwa miaka mingi wezi wamekuwa wakiyafyonza mafuta hayo na kuyauza, na imeripotiwa mara kwa mara kwamba baadhi yake huishia kwenye karai za kukaangia kwa kuwa hukawia kuisha.

Si kila transfoma ina PCB. Mpya hazina, na mkataba wa Stockholm uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia mitambo yenye PCB, na 2028 kuwa mwaka wa kumaliza kuteketeza mabaki kwa njia salama. Lakini mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye jerikeni hayana kitambulisho. Huwezi kujua kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi kama yalitoka kwenye mtambo wa zamani au wa kisasa. Kuyachemsha hakuyasafishi. Kumbuka kwamba PCB zilichaguliwa na wahandisi kwa sababu zinastahimili moto. Na hata yasiyo na PCB ni mafuta ya mitambo, si chakula cha mtu.

Upande wa moshi, tazama Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa katika miaka ya sabini, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kumwagwa humo na kuchomeka miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 2005 mtandao wa kimataifa wa mashirika ya mazingira uitwao IPEN ulipima mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa hilo. Yalipatikana na daioksini kupita kiwango kilichoruhusiwa na Muungano wa Ulaya. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 ilipunguza aina moja ya taka, lakini nyaya, mabomba ya PVC, chupa na makapi ya plastiki bado yapo.

MZIGO JUU YA MZIGO

Ingekuwa vichafuzi hivi ndivyo adui pekee wa ini, huenda lingevumilia. Lakini ini la Mkenya lina maadui wengine wanaojulikana vyema. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu ile iliwaua kwa kulizima ini haraka. Virusi vya homa ya ini aina ya B navyo huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi. Pombe, hasa ile isiyojulikana ilivyotengenezwa, huongeza yake.

Vichafuzi sugu havina haraka kama aflatoksini. Hulikuta ini ambalo tayari linapigana vita viwili vitatu, na kulinyima nguvu za kujitibu. Ndiyo maana ni vigumu daktari kumwambia mgonjwa mmoja kwamba ini lako limeharibiwa na moshi wa jaa peke yake. Aghalabu ni jumla ya mizigo yote.

DALILI

Ini halina kelele. Linaweza kupoteza sehemu kubwa ya seli zake bila mwenyewe kuhisi lolote. Dalili zinapotokea huwa ni uchovu usioisha, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, macho kuwa manjano, mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi, miguu na tumbo kuvimba. Ukiona macho yako yamegeuka manjano, usingoje. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Daktari ataagiza damu ipimwe kuona jinsi ini linavyofanya kazi, na huenda akaagiza picha ya tumbo.

Jihadhari na wauzaji wa dawa za kusafisha ini. Hakuna chai, mizizi wala vidonge vilivyothibitishwa kuziondoa daioksini au PCB mwilini kwa haraka. Seli za ini zenyewe, zilizoumbwa kwa kazi hiyo, zimeshindwa kuzivunja. Tena baadhi ya mitishamba hiyo ni sumu kwa ini, na mtu huishia kuongeza tatizo alilokuwa akilikimbia.

UFANYE NINI?

Kwa kuwa sumu hizi hazitoki kwa urahisi, kinga ni kuzizuia zisiingie.

Usiwashe jiko kwa plastiki, hata kipande kidogo. Tumia karatasi kavu, vijiti au maganda ya mahindi. Usichome taka za plastiki uani, na wazuie watoto wasikaribie mahali panapochomwa nyaya au matairi.

Nunua mafuta ya kupikia yaliyofungwa na yenye jina la mtengenezaji. Mafuta ya bei ya chini mno, yanayopimwa kutoka kwenye jerikeni lisilojulikana lilikotoka, yaache. Ukila chipsi nje, muulize mwenye kibanda ananunua mafuta yake wapi. Mwenye biashara safi hatakasirika. Mafuta ya transfoma usiyapake mwilini wala kwenye kidonda.

Usifuge kuku wala usilishe mbuzi au ng'ombe kwenye majaa ya taka. Ukila nyama, punguza shahamu, kwa sababu humo ndimo sumu hujificha. Mikebe ya dawa za wadudu isitumiwe tena kwa maji au unga.

Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu. Ni kweli kiasi fulani cha sumu hizi hupitia maziwani, lakini Shirika la Afya Duniani lingali linasisitiza kwamba faida ya maziwa ya mama ni kubwa kuliko hatari hiyo.

Mwisho, lipunguzie ini mizigo mingine. Hakikisha mtoto amepata chanjo zake za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, kwani ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa aombe kupimwa. Kausha mahindi vizuri na utupe yaliyoota ukungu. Punguza pombe au uache kabisa.

Hayo ni ya nyumbani. Yako mengine yasiyowezekana kwa mtu mmoja, kama vile kuzoa taka kwa wakati, kufunga majaa yaliyojaa na kulinda transfoma zisifyonzwe. Hayo ni ya serikali za kaunti, ya kampuni za umeme na ya bunge, na mpiga kura ana haki ya kuyauliza. Lakini kijipande cha plastiki kilicho mkononi mwako jioni ya leo, karibu na jiko, hakingoji bunge. Kitupe pipani, uchukue kijiti.